Nani kaiwasha?

Mwaka 2009 nilimaliza kidato cha sita, nikaenda kungojea matokeo Ikwiriri kwa bibi yangu mzaa mama. Mpunga ulikuwa unabeba, na Bibi hakuwa na mtu wa kumsaidia kuamia. Mchana tulipambana na ndege kwa makopo na kelele, usiku tulipanda dunguni kusikiliza nguruwe pori na viboko. Dungu lenyewe lilikuwa nguzo nne, ngazi ya miti, mkeka mmoja na makuti yaliyovuja upande wa kichwa changu, maana upande mzima alishauchukua yeye.

Usiku wa tatu au wa nne niliona taa upande wa kusini, juu ya mstari wa miti. Moja, nyeupe inayoelekea manjano. Ilisimama, ikagawanyika mbili, zikashikana tena, ikafifia. Nikanyoosha kidole. Bibi akakipiga kofi.

"Usimwonyeshe kidole."

"Bibi, huo ni mwanga tu."

"Ndiyo," akasema. "Huyo ni mwanga."

Kama lugha yako ya kwanza ni Kiswahili umeshacheka. Mwanga ni nuru, na mwanga ni yule anayetoka usiku kuwanga; mpaka uende kwenye wingi ndipo wanapoachana, huku mianga, huku wanga. Mimi nilikuwa nazungumzia kitu, yeye mtu.

Sasa mimi ndiye niliyekuwa na kemia ya miaka sita kichwani, nikaanza kumhubiria. Majani yanaoza chini ya maji pasipo hewa, vijidudu vinatoa gesi, gesi hiyo inaitwa methani, inapanda juu, inawaka. Wazungu nao zamani walidhani ni mizimu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kuliko nilivyostahili.

"Nani kaiwasha?"

"Inawaka tu, Bibi."

"Mke mwenzangu, jiko langu la mkaa lina miaka kumi. Halijawahi kuwaka tu."

Nikanyamaza. Nilidhani ni ubishi wa wazee. Imenichukua miaka mingi, nikiwa tayari nafundisha kemia sekondari huku Mbagala, kugundua kwamba lile ndilo swali lenyewe, na kwamba vitabu nilivyosoma vilikuwa vinalipita kama mtu anayempita mdai wake barabarani.

Upande wa gesi hauna utata. Alessandro Volta aliikusanya methani mwaka 1776 kutoka kwenye matope ya Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia, kwa kuchokoa tope kwa fimbo na kudaka vipovu. Mimi nilifanya vivyo hivyo kwenye mfereji wa shamba la Bibi, nikiwa na binamu yangu. Unakata kitako cha chupa ya maji ya lita moja na nusu, unaifunga kizibo, unaizamisha mpaka ijae, kisha unaisimamisha kizibo juu, kitako kikiwa bado majini. Mwenzako anachokoa tope chini yake. Vipovu vinapanda ndani ya chupa na kuyasukuma maji nje. Mara ya kwanza chupa ilinipinduka na nikatoka na ruba kwenye kifundo cha mguu. Mara ya pili tulipata robo chupa baada ya kuchokoa kama dakika ishirini. Jua lilikuwa limezama. Nikafungua kizibo, binamu akasogeza kiberiti, nikaididimiza chupa majini ili gesi itoke.

Iliwaka. Kimoto cha bluu, chembamba, kama jiko la gesi mtungi ukiwa unaishia. Kwa sekunde chache hata hatukukiona vizuri. Tulijua kipo kwa harufu ya vinyweleo vya mkono wa binamu.

Lakini angalia: kiberiti kilikuwepo. Methani haijiwashi yenyewe mpaka ifike joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, na bondeni usiku maji ni ya kutetemesha meno. Halafu walioona mioto ya kinamasi, yaani taa za namna hii zinazotokea usiku kwenye matope na maji yaliyosimama, Ulaya na kwingineko, mara nyingi husema ni mioto isiyounguza. Sasa hiyo ni methani gani?

Jibu lililozoeleka ni fosfini na ndugu yake difosfani, gesi zenye fosforasi ambazo huenda zikatokana na mizoga iliyooza. Difosfani inawaka ikikutana tu na hewa, kwa hiyo ndiyo ingekuwa kiberiti. Ni jibu zuri, nami nimelifundisha miaka kadhaa kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Kisha nikasoma kuhusu Alan Mills, wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aliyejaribu kuutengeneza moto huo maabara. Alipochanganya fosfini na gesi asilia alipata wingu baridi linalong'aa, ila la kijani, tena na moshi mwingi wa kukera pua. Walioshuhudia mioto ya kinamasi kwa kawaida hawasemi kijani, na moshi hawautaji. Nilifunga kompyuta nikamkumbuka Bibi na jiko lake la mkaa.

Hata hivyo ile taa ya 2009 haikuwa gesi kabisa, na hili ningepaswa kulijua siku ileile. Gesi ya matope haipandi juu ya miti na kusimama.

Nilirudi miaka michache baadaye, mwezi wa sita, nikiwa na mpango. Binamu, ambaye sasa anaendesha bodaboda, nilimtuma Daraja la Mkapa, kule kusini kwenye Mto Rufiji, mimi nikapanda dunguni na simu yenye chaji asilimia 14. Nilitaka awashe na kuzima taa ya pikipiki. Taa ile haikufika, sikuona kitu. Akasema, "Basi ngoja, linakuja lori." Nikangoja. "Linapanda." Juu ya miti pakawa na kitu kama kaa la moto. "Limefika katikati." Kaa likawa taa, taa ikawa mbili, zikatetemeka, zikaungana. "Limepita." Ikafifia. Tulifanya hivyo kwa malori manne na basi moja la kutoka kusini. Kwenye la tano simu ikazima, lakini la tano nililijua mwenyewe.

Kinachoipandisha taa ni hewa. Usiku wa kipupwe hewa ya baridi inatulia bondeni na ya vuguvugu inakaa juu yake, na nuru inayopita kwenye tabaka hizo inapinda kufuata ardhi, hivyo unaona kitu kilichojificha kikiwa kimeinuliwa. Jack Pettigrew, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, alilionyesha hilo Australia kwenye taa maarufu za Min Min, akachapisha mwaka 2003. Aliweka gari zaidi ya kilomita 10 mbali, nyuma ya mwinuko mdogo, na taa zake zikaonekana zinaelea juu ya upeo. Marekani walitangulia: mwaka 1922 George Mansfield, mwanajiolojia wa serikali, alizipima taa za Brown Mountain huko North Carolina kwa ramani na vyombo, akahesabu asilimia 47 ni taa za magari, 33 za treni, zilizobaki taa za majumbani na mioto ya vichaka.

Niliteremka kwenye dungu nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Asubuhi nikamweleza Bibi akiwa anapepeta.

"Daraja lilifunguliwa lini?"

"2003."

"Mimi nimemwona mwanga nikiwa mwali."

Hapo ilikuwa ni kabla ya uhuru. Magari yaliyokwenda kusini yalikuwa machache na yalingoja pantoni. Masika yakikolea, safari zinakatika. Ajabu ni kwamba kina Mansfield nao waliambiwa hivyohivyo: mwaka 1916 mafuriko yalikata reli, treni hazikupita kwa wiki kadhaa, na watu wa huko wakasisitiza taa ziliendelea kuonekana. Unaweza kusema watu wanakumbuka vibaya. Mimi nilikaa chini nikamuuliza Bibi, kwa mara ya kwanza, alichoona hasa. Aibu yangu ni kwamba tangu 2009 sikuwahi kumuuliza.

Hakuwa anasema habari ya taa juu ya miti. Alichoona nikiwa sijazaliwa, wala mama yangu hajazaliwa, kilikuwa chini, juu ya maji yaliyosimama baada ya mafuriko, urefu wa goti. Bluu. "Kama pombe kali inavyowaka." Hakikuwa na moshi. Ukikisogelea kinahama, na hapo nilielewa, maana mguu ukiingia majini unasukuma hewa yote ya mbele yako. Alikiona mara mbili maishani. Zile taa za kusini yeye mwenyewe alizianza kuziona uzeeni, akazipa jina alilokuwa nalo tayari. Vitu viwili, jina moja. Na mimi nilikuja na jibu moja nikalibandika kote.

Mwaka 2025 kikundi cha watafiti, akiwemo Richard Zare wa Chuo Kikuu cha Stanford, kilichapisha jaribio ambalo nimelisoma mara tatu. Walipuliza vipovu vidogo sana vya methani na hewa ndani ya maji. Vipovu hubeba chaji za umeme kwenye ngozi yake, na vikikaribiana vyenye chaji tofauti cheche inaruka kati yao. Kamera za kasi zilizinasa hizo cheche, na methani ikaungana na oksijeni bila kiberiti na bila joto kali. Ni maabara, si bonde la Rufiji, na kutoka kwenye cheche ya kipovu hadi kimoto cha urefu wa goti kuna safari. Lakini ni watu walioanza na swali la Bibi.

Nikampigia Jumapili. Shikamoo, marahaba mke mwenzangu, magoti yanauma, kuku wawili wameibwa. Kisha nikamweleza: ile gesi ya matopeni, vipovu vyake vikipanda vinarushiana radi. Radi ndogo mno, jicho haliioni, ila ndiyo huenda inayowasha.

Kimya. Nilisikia jogoo wake.

"Radi."

"Ndiyo, Bibi."

"Ndani ya maji."

"Ndiyo."

"Na ni mimi niliyekuwa nachekwa kwa kuamini mambo."

Halafu akataka kujua mchele Mbagala unauzwaje kilo.