Mwaka wa baridi haujafuta mwaka wa joto

Nipo likizo nyumbani Ihumwa, Dodoma, na mjomba kanipokea na swali lake la siku zote: "Hiyo barafu ya huko kwenu bado ipo?"

Ipo. Kazi yangu ni ya jikoni, Kangerlussuaq, Greenland, na mto unaopita pale kijijini unatoka kwenye barafu yenyewe. Julai 2012, kabla sijahamia, ulifurika ukabomoa sehemu ya daraja. Siku hizo karibu barafu yote ya kisiwa ililowa juu, hata kule kileleni, zaidi ya mita 3,000. Mwaka 2013 kukawa na baridi, maji yakapungua sana. Mwaka 2019 joto likarudi kwa kishindo.

"Kumbe 2013 ilianza kupona," mjomba akasema.

Hapana, mjomba. Tazama korongo letu hapo chini: mvua za kwanza haziendi mbali, mchanga unazinywa. Juu ya barafu pia kuna theluji ya miaka mingi, imeshindiliwa lakini ina nafasi ndani yake. Inayanywa maji, nayo yanaganda humo humo. Mwaka wa baridi theluji mpya huanguka hata katikati ya majira ya joto, nyeupe pe, ikarudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Mwaka wa joto huondoka mapema, ikabaki barafu tupu ya kijivu inayofyonza jua na kuzidi kuyeyuka. Maziwa ya buluu yanajitokeza mpaka sehemu za juu zaidi. Mengine ufa ukifunguka chini yake hukauka kwa saa chache tu, maji yote yakazama hadi kwenye mwamba.

Kinachoniumiza ni hiki. Maji ya 2012 yaliyoganda ndani ya theluji yaliacha matabaka magumu ya barafu. Joto likija tena, sehemu hizo maji hayana pa kuzama, yanateremka kwenda baharini. Theluji ya mwaka mmoja wa baridi inayafunika matabaka hayo, haiyaondoi.

Mjomba alielewa upesi, mkulima wa uwele hahesabu msimu mmoja. Ninyi mnaonitumia WhatsApp mchoro wa kuyeyuka wa mwaka mmoja wa baridi kuwa ndio ushahidi kwamba barafu inapona, nawaomba mchoro wenye miaka yote tangu 1979, maana satelaiti zimekuwa zikipima muda wote huo.