Kaakaa Halipigwi Picha

Nilipotuma tangazo la mchango wa matibabu ya mtoto wa mdogo wangu kwenye kundi la ukoo, swali la kwanza lilikuwa, "Mbona mtoto mwenyewe mzima?" Nilikuwa nimeweka picha yake akiwa kwenye mkeka hapa kwangu Kirumba, Mwanza, anacheka, mashavu kama yote. Mdomo haujachanika, pua imekaa vizuri. Anayemwona mara ya kwanza humsifia macho. Tundu liko juu, kwenye kaakaa, yaani dari ya kinywa, na ili ulione lazima asubiriwe alie au umlaze chali umulike kwa tochi. Mjomba akanifuata pembeni, tena kwa upole: "Mwanangu, weka picha inayoonyesha ugonjwa, watu wataguswa." Nikamjibu, "Shikamoo mjomba, hiyo siweki." Sikuona kwa nini mtoto apanuliwe mdomo ili ukoo uridhike. Kadi ya mchango wa harusi hatudai picha ya bibi harusi akikosa gauni.

Tumezoea picha za midomo sungura, yaani iliyochanika, kabla na baada. Zinaliza watu na zinaleta fedha, na sina ugomvi nazo. Ila mwenye kaakaa wazi peke yake hana cha kuonyesha, na shida yake haiishi siku anaposhonwa.

Mama yake ni mdogo wangu, anaishi Ukerewe, anaanika dagaa. Tangu siku za mwanzo maziwa yalikuwa yanatokea puani. Mtoto ananyonya mpaka jasho linamtoka, analala na njaa, anaamka na kilio. Kaakaa likiwa wazi, kinywa hakiwezi kuvuta. Bibi wa jirani akatoa hukumu yake: mama alimcheka mlemavu akiwa na mimba. Daktari alituambia mengine. Kaakaa huota kutoka pande mbili na kuungana katikati, kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya ujauzito, wakati wanawake wengine hata hawajajua kwamba ni wajawazito. Kwa baadhi ya watoto pande hizo hazikutani, na mara nyingi hakuna aliyefanya kosa. Mdogo wangu aliomba arudiwe maelezo yale. Nadhani aliyasikia vizuri mara ya kwanza, alitaka tu kuyasikia tena.

Upasuaji ulifanyika Bugando, hospitali inayoonekana mlimani karibu kila uendako mjini, na bili ya upasuaji ilibebwa na wafadhili. Mashirika ya kazi hii yapo. Smile Train, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, linajulikana kwa kufadhili na kuwafundisha madaktari wa nchi yenyewe badala ya kuleta wageni wa wiki moja. Mimi nauunga mkono mtindo huo, maana daktari aliyeshona unamkuta tena kliniki, na jeraha la mtoto analijua.

Lakini bure ina nauli. Kuna meli ya kutoka Nansio na ya kurudi, kuna mahali pa kulala, kuna watoto wengine walioachwa kwa jirani. Kaakaa kwa kawaida hushonwa mtoto akiwa na miezi kati ya 9 na 18. Wetu alivuka umri huo kwa sababu ya malaria, damu ikawa inashuka kila tukikaribia, na damu ikiwa chini mtaalamu wa usingizi hakubali. Kwa hiyo mchango mkubwa wa ukoo, ukiniuliza mimi, ulikuwa uji. Dagaa wakavu, vichwa vimetolewa, wanatwangwa mpaka unga, wanachanganywa na karanga na unga wa mahindi. Mtoto anakalishwa wima, kikombe kidogo kinagusa mdomo wa chini, anapewa kidogo, anasubiriwa ameze. Ukiharakisha, uji unarudi kupitia puani naye anapaliwa. Kikombe kimoja kinakula asubuhi nzima. Asubuhi hiyo kuna dagaa mwaloni ambao mama yake hakuwaanika, na sijaona fomu ya msaada yenye nafasi ya kuandika hilo.

Baada ya kushonwa alivalishwa vibao laini kwenye viwiko, asikunje mikono akatia vidole mdomoni. Alichukia vibao kuliko maumivu. Hakuna mrija, hakuna kijiko cha kuchokonoa, hakuna ubwabwa. Ni vya majimaji, na maji safi kila baada ya kula ili mabaki yasikae kwenye nyuzi. Mtoto anayejikuna pua kwa goti ni kichekesho, ila mama yake hakuwa na nguvu za kucheka.

Kisha watu wakaanza kuuliza, "Bado haongei?" Kabla ya upasuaji alikuwa akimwita baba yake "mama", kwa kuwa ili useme "ba" hewa lazima ifungiwe kinywani, na yake ilitorokea puani. Shemeji alikuwa akicheka, mpaka siku moja sikumwona akicheka. Kushonwa kumejenga dari, lakini ulimi bado una mazoea ya zamani. Mtaalamu wa matamshi alitufundisha tushike kioo kidogo chini ya pua wakati mtoto anasema "pa, pa, pa". Kikipata ukungu, hewa bado inapita juu. Natumia kioo cha poda yangu. Ukungu unapungua, si kila siku, na wapo watoto wanaohitaji kurudishwa chumba cha upasuaji ndipo matamshi yakae sawa. Tumeambiwa hilo mapema, nashukuru.

Kinachofuata ni masikio. Watoto wa kaakaa wazi hujaa majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na asiyesikia vizuri atajifunzaje kusema? Kundi la ukoo limenyamaza, wanaona kazi imeisha. Nimepeleka jambo hili kwenye kikoba chetu, kina mama wamekubali nauli na dawa zitoke mfuko wa jamii. Mweka hazina anataka tiketi za meli kabla hajafungua sanduku, na mdogo wangu, bila shaka, alishazitupa.