NSGA-II na nafasi ya ziada

Msafiri wa kutoka Unguja kwenda Mkoani, Pemba, hupima nauli na muda, vitu viwili vinavyovutana: boti ya kasi ni ghali, meli ni nafuu lakini huchelewa. Chaguo zote zisizoshindwa na nyingine kwa pande zote mbili ndizo ukingo wa Pareto.

Algoridhimu ya NSGA-II, iliyochapishwa mwaka 2002, husaka ukingo huo kwa kuboresha kundi la suluhisho kizazi baada ya kizazi, lakini uthibitisho wa kwanza wa kihisabati wa muda wake ulitolewa na Zheng, Liu na Doerr mwaka 2022. Katika tatizo la OneMinMax, ambamo mfuatano wa biti n hupimwa kwa idadi ya sifuri na ya moja, zote zikitakiwa ziwe nyingi, ukingo una nukta n+1. Kundi lenye ukubwa N wa angalau 4(n+1) huupata wote kwa tathmini (mara za kupima suluhisho) za kiwango cha N n log n kwa wastani.

Kundi likiwa n+1 kamili, ambalo wengi wetu tungedhani latosha (mimi nikiwamo), sehemu kubwa ya ukingo hukosekana kwa muda mrefu mno. Tatizo mojawapo ni kwamba umbali wa msongamano, yaani kipimo cha jinsi suluhisho lilivyo mbali na majirani zake, hukokotolewa mara moja tu kabla ya kuondoa suluhisho, hivyo majirani huweza kufutwa pamoja na kuacha pengo. Ukikokotolewa upya baada ya kila ufutaji, mapengo hupungua.