Wi-Fi ya laptopu inakatika-katika? Anza na ping mbili

Mtandao ukianza kusumbua, watu hukimbilia kuzima na kuwasha ruta. Inasaidia kwa saa moja, halafu tatizo linarudi, kwa sababu hujajua unakatikia wapi: kati ya laptopu na ruta, au baada ya ruta. Ping, yaani amri inayotuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu, itakuonyesha.

Kwenye Windows fungua CMD (dirisha la kuandikia amri), andika ipconfig, usome namba ya Default Gateway. Hiyo ndiyo ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa fungua madirisha mawili ya CMD: moja andika ping 192.168.1.1 -t (weka namba yako), jingine ping 8.8.8.8 -t (hiyo ni seva ya Google, iko nje kwenye intaneti). Yaache yatembee, endelea na kazi hadi mtandao ukatike. La pili likiandika "Request timed out" huku la kwanza likijibu vizuri, laptopu ni nzima. Wapigie waliokuunganishia laini. Yakikwama yote mawili, jaribu simu kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, palepale ilipo laptopu. Zima data ya simu kwanza, isikudanganye. Simu ikiperuzi bila shida, ugonjwa uko kwenye laptopu.

Kisumbufu kimoja cha kawaida ni kubana chaji. Windows huizima kadi ya Wi-Fi, na kadi nyingine haziamki sawasawa. Nenda Device Manager, Network adapters, fungua kadi yako, kisha Power Management, utoe tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Laptopu nyingine mpya hazina ukurasa huo, pita. Kama shida ilianza baada ya masasisho, kwenye kadi hiyo hiyo, ukurasa wa Driver, kuna Roll Back Driver: inarudisha programu ya awali ya kuendesha kadi.

Masafa ya redio ya Wi-Fi nayo yaangalie. Kwenye 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, hivyo majirani wanagombania nafasi ndogo. Kama ruta ina 5 GHz na iko chumba kimoja na laptopu, hamia huko. Ila kuta nene huinyonga haraka. Na diski ya nje ya USB 3.0 ikichomekwa karibu na antena humwaga kelele kwenye 2.4 GHz. Intel walilieleza hilo mwaka 2012. Ichomoe uone.

Mwisho, andika netsh wlan show interfaces, usome Signal. Ukiwa mita 2 kutoka kwenye ruta na unapata asilimia 40, hasa kama laptopu ilifunguliwa karibuni kubadilishwa kioo au kibodi, shuku nyaya za antena. Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko, chomoa betri. Kwenye kadi utaona nyaya mbili nyembamba, kwa kawaida nyeusi na nyeupe, zenye vichwa vya duara vidogo kuliko punje ya mchele. Kilichochomoka kiweke wima juu ya tundu lake, ukibonyeze kwa kidole mpaka kilie "tik". Usitumie bisibisi: ikiteleza, tundu linang'oka na kadi imekufa.