Siku moja na watoto wangu katika Roma inayomomonyoka

Saa 11 alfajiri. Niliamka kabla ya kengele. Leo ndicho kipindi nilichokuwa nakisubiri muhula mzima: mwisho wa Dola ya Roma ya Magharibi. Kitabu cha darasani kinasema ilianguka mwaka 476, na mtihani huuliza mwaka huohuo. Lakini mtoto wa miaka kumi na moja akisikia "ilianguka" anaona nyumba: jana ilikuwepo, leo kifusi. Mimi nataka auone ukuta unaomomonyoka huku watu wakiendelea kupika na kulala ndani yake.

Saa 1:30 asubuhi. Ofisini nilipanga bilauri tano, kichupa cha wino mwekundu na mpira wa uzi. Ramani niliichora mwenyewe kwenye shuka kuukuu, kutoka Uingereza hadi Misri. Mwalimu mwenzangu aliiangalia akauliza kwa nini nisiwape tarehe wakakariri, maana mtihani u karibu. Anawapenda watoto hawa kama ninavyowapenda mimi, kwa hiyo nilimjibu kwa kirefu, mpaka kengele ikatukatiza.

Saa 2. Bilauri ya kwanza ilikuwa na maji mekundu sana. Nikawaambia: hii ni dinari, sarafu ya Roma, ya Kaisari Augustus, karibu fedha tupu. Nikamwaga kidogo, nikajazia maji: Nero, mwaka 64, amepunguza fedha ili sarafu ziwe nyingi. Nikamwaga tena: Septimius Severus, na sasa fedha ni kama nusu tu. Mwaka 215 Caracalla akatoa sarafu mpya yenye thamani ya dinari mbili, ila fedha iliyomo ni ya dinari moja na nusu. Hapo waliguna wenyewe, sikuwaeleza kitu. Tulipofika miaka ya 270, maji yalikuwa karibu meupe: sarafu ya shaba iliyopakwa fedha juujuu, fedha yenyewe haifiki asilimia 5.

Kiswahili kilinisaidia kuliko kitabu. Kwetu fedha ni pesa, na fedha ni madini. Mvulana wa dawati la nyuma alinyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo ilikuwa fedha isiyo na fedha?" Niliyaandika maneno yake ubaoni, na sikuyafuta siku nzima.

Wakauliza pesa zote hizo zilikwenda wapi. Zilikwenda kwa askari. Kati ya mwaka 235 na 284 makaisari zaidi ya ishirini walipokezana kiti, wengi wao wakiuawa, na kila aliyekalia alilazimika kuwalipa askari ili wasimgeuke.

Saa 4. Mapumziko. Nilikaa peke yangu nikikata vipande vya karatasi.

Saa 4:30. Nililigawa darasa: wakulima wa Afrika Kaskazini, watoza kodi, kaisari mmoja, na askari wa mpakani kwenye mto Danube. Uzi ulitoka kwa wakulima ukapita kwa watoza kodi, ukafika kwa kaisari, ukaishia kwa askari. Kila nilipopiga kofi, karatasi za mshahara zilisafiri kufuata uzi. Walifurahi, kelele tele. Kisha nikachukua mkasi. Mwaka 429 Wavandali, kabila lililotoka nje ya dola, walivuka kutoka Hispania kuingia Afrika, na mwaka 439 wakaiteka Karthago, mji mkuu wa Afrika ya Kirumi. Nikakata uzi. Nikapiga kofi. Askari wakanyoosha mikono, hakuna kilichofika.

Nikawasimulia kikosi cha Batavis, mji wa mpakani ambao leo ni Passau, Ujerumani. Mshahara ulipokoma, askari wachache walitumwa Italia kuwachukulia wenzao malipo ya mwisho. Waliuawa njiani, na mto ndio uliorudisha miili yao. Msichana aliyeigiza askari alikuwa bado ameshika mkono juu. Akauliza taratibu: "Hakuna aliyewaambia kwamba dola imekwisha?"

Hakuna. Mshahara haukufika, basi. Nimefundisha somo hili mara nyingi, ila sijawahi kusikia swali lililoingia ndani yake namna hiyo.

Saa 6. Kwenye madaftari wengi walikuwa wameandika kwamba washenzi ndio walioiangusha Roma. Nilisimamisha kazi. Mwaka 376 Wagothi, watu wa ng'ambo ya mpaka, walifika Danube na wake zao na watoto, wakiwakimbia Wahunni, wakaomba hifadhi. Wakaruhusiwa kuvuka, kisha maofisa wa Roma wakawaacha na njaa na kuwauzia mbwa wa kula, malipo yakiwa watu wao waliogeuzwa watumwa. Miaka miwili baadaye, huko Adrianople, Wagothi walilivunja jeshi la Roma na Kaisari Valens akafa vitani. Sikuwalazimisha wafute neno. Niliona vifutio vikitoka mikobani.

Saa 8 mchana. Tukafika 476. Odoacer, kamanda wa askari, alimwondoa Romulus Augustulus, akamwonea huruma kwa sababu ya umri wake mdogo, akampeleka Campania, kusini mwa Italia, na kumwekea malipo ya kila mwaka. Watoto walitaka kujua habari zake kuliko za kaisari mwingine yeyote. Baraza la wazee wa Roma liliendelea kukutana. Upande wa mashariki, Konstantinopoli, makaisari waliendelea hadi 1453, na watu wao walijiita Warumi. Ndiyo Rumi ileile ambayo malenga wa Pate, karne ya 18, alitunga utenzi kuhusu vita vya kaisari wake Herekali. Kwa nini basi kitabu kiseme yote yaliisha siku moja?

Zoezi lilikuwa hili: wewe ni mtoto unayeishi Italia mwaka 476, andika siku yako.

Saa 2 usiku. Nasahihisha. Wengi wameandika moto, panga na kilio, na nimewaandikia pembeni maswali ya kufikiria. Daftari la yule msichana lina mistari minne tu: "Leo nimechota maji. Watu wanasema kaisari ameondolewa. Nimemuuliza baba ni kaisari yupi. Baba amesema niwahi kulala, kesho tunavuna."

Nimeisoma mara tatu. Kesho nitaomba ruhusa yake niinakili, niibandike ukutani mahali palipoandikwa 476.