Umenyimwa ruzuku ya kodi ya nyumba (Housing Benefit) Uingereza? Kata rufaa

Una mwezi 1 tu, unaohesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya uamuzi. Wengi huhesabu kuanzia siku walipoipokea, wakachelewa. Iombe halmashauri, kwa maandishi, sababu kamili za kukukatalia.

Tofauti na Universal Credit, yaani malipo ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hapa si lazima uombe kwanza uamuzi uangaliwe upya. Unaweza kukata rufaa moja kwa moja. Barua ya rufaa, yenye saini yako, huipeleki kwenye baraza la rufaa bali halmashauri ileile, nayo ndiyo huipeleka mbele. Baki na nakala na risiti ya posta, maana majalada hukwama huko. Andika kosa lenyewe: kipato gani kimekosewa, mkataba upi haukusomwa. “Sikubali” pekee haitoshi.