Tulivyohama Minnesota kwenda Texas bila kukaa hata siku moja bila bima

Pampu ya pumu ya binti yangu ina kidirisha kidogo mgongoni chenye namba. Ikiwa mpya inasoma 200, na kila akivuta inashuka moja. Siku mume wangu aliporudi safari, Aprili 2023, akaniambia amepata mzigo wa kudumu wa Fort Worth kwenda Laredo na kurudi, kwamba sasa tuhamie Texas, nilimpongeza kisha nikaenda chumbani kwa mtoto kuitazama ile namba. Ilikuwa 61.

Sisi hatuna mwajiri. Mume wangu anaendesha lori lake mwenyewe, na mimi ndiye ninayeshika hesabu, makaratasi na simu zote. Bima tulikuwa tukinunua wenyewe kupitia MNsure, soko la bima la jimbo la Minnesota, chini ya ile sheria ya 2010 ambayo watu wanaiita Obamacare. Bima ya namna hii ni ya jimbo. Tena hata ndani ya jimbo, bei na hospitali zinazoipokea zinabadilika kufuatana na kaunti unayokaa. Mimi sikujua hivyo, na ninaandika haya kwa sababu wale walioniambia wanajua ndio walionipoteza.

Ilikuwa Ramadhani, tuko kwenye futari Brooklyn Park, huko Minnesota, sahani za tambi na kalimati katikati. Habari ya kuhama ikaenea haraka. Shemeji mmoja, mtu wa heshima, aliyekaa Marekani miaka mingi kuliko sisi, akaniambia: "Shemeji, usijitaabishe. Kadi ni kadi. Ingia kwenye akaunti ubadilishe anwani, basi." Mwingine akadakia: "Au usibadilishe kabisa. Tumia anwani yangu hapa, barua zikija nakupigia picha nakutumia."

Nilianza na ushauri wa kwanza usiku uleule. Tulikuwa tayari tunajua jengo tutakalopanga Arlington, Texas, kwa hiyo nikaandika anwani ile kwenye akaunti yetu ya bima. Maandishi mekundu yakatokea: eneo hilo hatulihudumii. Nikadhani nimekosea namba ya posta. Nikaiandika tena, mara hii pamoja na namba ya nyumba. Mekundu. Nikabadilisha simu nikatumia kompyuta, mekundu vilevile. Kulipokucha nikapiga simu, nikasikiliza muziki dakika arobaini hivi, mpaka nikampata mama mmoja mwenye sauti ya upole. Nikamweleza kwamba ada tutaendelea kulipa kama kawaida, tunachohama ni nyumba tu. Akanijibu kwamba Texas hawana daktari hata mmoja. Mtoto akizidiwa kwa dharura huko, hospitali watailipa. Daktari wa kawaida, vipimo, kumrudisha kliniki kila baada ya miezi mitatu, hayo hawalipi. Nilikata simu nikiwa nimekasirika, na hasira ile haikuwa juu yake.

Ushauri wa pili, wa kuazima anwani, naulaani waziwazi kwa sababu bado nausikia ukitolewa kwenye vikao vyetu. Ruzuku ya serikali inayopunguza ada yako ya mwezi unaiombea kwa kutia sahihi kwamba unaishi pale ulipoandika. Na dereva wa lori anayehamia Texas anatakiwa kubadili leseni yake ya magari makubwa ndani ya siku 30. Mume wangu atakuwaje mkazi wa Texas kwenye leseni na mkazi wa Minnesota kwenye bima? Na ukishajiingiza kote huko, ulichopata ni kadi isiyofanya kazi mahali unapolala.

Kosa nililofanya peke yangu, bila kushauriwa na mtu, lilikuwa kutafuta "bima ya Texas" kwenye intaneti na kujaza fomu ya tovuti ya kwanza iliyotokea. Iliuliza jina, umri na namba ya simu. Sijaiweka simu mezani ikaita. Nikapokea, kijana mchangamfu, anajua jina langu. Ana mpango mzuri, familia nzima kwa dola mia mbili na kitu kwa mwezi, daktari yeyote nchi nzima. Wakati huo sisi tulikuwa tunalipa mia nne na ushei hata baada ya ruzuku, kwa hiyo sikatai, moyo ulinidunda. Nikamuuliza: "Binti yangu ana pumu tangu ana miaka mitatu. Mtailipia?" Akasema mpango unalipa kila kitu. Nikarudia, pumu je? Akasema unalipa kila kitu kipya. Nikamuuliza kipya maana yake nini. Kimya kidogo, kisha: "Ugonjwa utakaoanza baada ya kujiunga, mama."

Nikamwambia anitumie karatasi za mpango nizisome kwanza. Akasema karatasi zinakuja baada ya kutoa namba ya kadi ya benki. Nikakata. Baadaye nilielewa kwamba ile ilikuwa bima ya muda mfupi. Bima za soko la serikali haziruhusiwi kumkataa mtu wala kumpandishia bei kwa sababu ya ugonjwa alionao, tangu 2014. Za muda mfupi zinaruhusiwa. Na ubaya mkubwa zaidi ni kwamba bima ya muda mfupi ikiisha, kuisha kwake hakukufungulii mlango wa soko la serikali. Unasubiri mpaka dirisha la kila mwaka lifunguke tarehe 1 Novemba. Mtoto wangu angekaa kiangazi chote bila chochote. Zile simu ziliendelea wiki mbili, siku moja nilihesabu 23. Ukitaka bima halisi ya Texas, nenda HealthCare.gov, tovuti ya soko la bima la serikali kuu, andika anwani yenyewe herufi kwa herufi. Na ukipiga simu yao unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Mimi Kiingereza changu kinatosha, lakini mambo ya bima niliyataka kwa lugha niliyozaliwa nayo.

Kwa mkalimani ndipo nilipopata maneno mawili yaliyotengeneza mpango wangu wote. La kwanza: ukihama jimbo, hata kama si msimu wa kujiandikisha, una siku 60 tangu siku ya kuhama za kuchagua bima mpya, ila lazima uwe ulikuwa na bima angalau siku moja ndani ya siku 60 kabla ya kuhama. Yaani aliyeacha kulipa mapema ili kubana matumizi ya safari amejifungia mlango mwenyewe. La pili: bima mpya inaanza tarehe 1 ya mwezi unaofuata baada ya kuichagua.

Hilo la pili nililala nalo. Mume wangu alitaka tuhame tarehe 3 Juni, shule zikifungwa tu. Nikachukua kalenda ya ukutani nikamwonyesha. Tukifika Texas tarehe 4 na kuchagua bima tarehe 5, mpya inaanza 1 Julai. Karibu mwezi mzima mtoto yuko Texas na kadi ya Minnesota. Tukifika mwishoni mwa Juni na kuchagua kabla ya tarehe 30, mpya inaanza 1 Julai ileile. Kwa hiyo kuhama mapema hakutupi bima mapema, kunatuongezea tu siku za hatari. Akanung'unika kuhusu mzigo, akaongea na watu wake, wakakubali aanze Julai. Nawaambia wote wanaoniuliza: hama mkiani mwa mwezi.

Kuna faida nyingine iliyotoka humo. Januari binti yangu alilazwa siku tatu, na bili zile, kama elfu tatu na zaidi, zilimaliza kile kiasi ambacho bima inakutaka utoe mfukoni kwanza kila mwaka kabla haijaanza kuchangia. Uliyoyalipa Minnesota hayahamii Texas. Bima mpya inaanza kuhesabu kutoka sifuri. Basi Mei na Juni nikafanya kazi ya kliniki. Daktari wa mapafu wa mtoto, kipimo cha kupumua, damu ya mume wangu, presha yake, goti langu nililokuwa nalivumilia tangu msimu wa theluji. Vyote kwa vijisenti. Daktari wa mtoto nikamwomba aandike ile dawa ya kuvuta kila siku iwe ya siku 90 badala ya 30, na akanipa faili lake zima mkononi, kurasa nyingi, nikazitia kwenye bahasha ngumu. Pampu ya dharura duka la dawa walinikatalia, wakasema bado mapema, bima haijaruhusu nyingine. Namba siku hiyo ilikuwa 38.

MNsure niliwapigia tarehe 5 Juni nikawaambia tunahama, bima iishe tarehe 30 na si siku moja kabla. Usiache ijifie yenyewe kwa kutolipa, na usiiache iendelee ukiwa umeshapata nyingine, maana ukipokea ruzuku mbili kwa mwezi mmoja, iliyozidi utairudisha wakati wa kodi.

Tuliondoka Ijumaa tarehe 23 Juni. Barabara ni ileile I-35 mwanzo mpaka mwisho. Kule Minneapolis na St. Paul inagawanyika Mashariki na Magharibi, na huku Dallas na Fort Worth inagawanyika vilevile, hata binti yangu akauliza kama tumezunguka tukarudi nyumbani. Jumatatu tarehe 26, magodoro yakiwa bado sakafuni na mimi nikifikiria Idi ya kuchinja iliyobaki siku mbili, nikakaa jikoni na kompyuta.

Hapo nikakutana na kitu ambacho hakuna shemeji aliyenitajia. Bima za soko zina madaraja, Bronze, Silver na Gold, na kila mtu huku atakwambia chukua Bronze, ni rahisi, au Silver, ndiyo ya kati. Mimi nikapanga orodha kwa bei, nikaona Gold zipo chini ya Silver. Nikafikiri ukurasa umeharibika. Nikaupakia upya, zilezile. Nikampigia tena mkalimani. Kumbe Texas walipitisha sheria 2021 iliyobadilisha jinsi kampuni zinavyopanga bei hizo, na kuanzia bima za 2023 Gold sehemu nyingi ikawa nafuu kuliko Silver huku ikichangia zaidi ukiugua. Tukachukua Gold kwa ada isiyopishana sana na ya Minnesota. Lakini anayeingiza kipato kidogo asinifuate kabla ya kuuliza, kwa sababu kuna punguzo la gharama za hospitali linalotolewa kwenye Silver peke yake, na hilo laweza kuwa zuri zaidi kwake.

Nyingi ya bima tulizoziona ni za HMO: unachagua daktari wako mmoja, na mtaalamu unamwona kwa rufaa yake. Kwa hiyo kabla sijabonyeza chochote nilipigia simu kliniki tatu za watoto zilizo karibu nasi kuuliza kama wanaipokea bima ile kwa jina lake kamili. Orodha ya mtandaoni ilisema zote tatu. Kwenye simu, moja ilisema iliacha. Nikalipa ada ya kwanza dakika ileile, maana ukichagua bila kulipa hujaanza chochote, nikachapisha ukurasa wenye namba ya uanachama.

Kodi nayo niiseme hapa. Januari iliyofuata zilikuja fomu mbili za 1095-A, zile zinazoonyesha bima na ruzuku uliyopata mwaka huo, moja ya MNsure na moja ya HealthCare.gov, miezi sita kila moja. Anayekujazia kodi mpe zote mbili. Wa kwetu alitaka kuendelea na moja.

Usiku wa tarehe 11 Julai, joto la Texas likiwa halijashuka hata baada ya isha, binti yangu aliamka akivuta pumzi kwa mabega. Namba mgongoni mwa pampu ilisoma 9. Akavuta mara nne, ikawa 5. Mume wangu alikuwa Laredo. Nikamkalisha mtoto kwenye gari, ile bahasha ngumu chini ya kwapa, tukaenda kliniki ya usiku niliyokuwa nimeshaihakikisha. Kadi yenyewe ilikuwa haijafika kwa posta. Binti wa mapokezi akachukua karatasi yangu niliyoichapisha, akaandika namba taratibu, akatazama kioo. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi za mwanangu.

"Ipo hai, tangu tarehe moja," akasema. "Mchango wako ni dola arobaini na tano. Mlete ndani."

Walimweka kwenye mashine ya mvuke dakika ishirini, daktari akasoma faili la Minnesota ukurasa baada ya ukurasa, akaandika dawa. Duka la dawa la saa 24 lilikuwa ng'ambo ya barabara. Kwenye gari, taa ya ndani ikiwaka, binti yangu aliifungua pampu mpya mwenyewe, akaigeuza, akanisomea: mia mbili.